Koti la Anayebaki

Wajukuu zangu mnaojaza fomu za kwenda kusoma nje, nasikia siku hizi mnaulizana kwenye simu bei za jaketi. Ulizeni. Lakini kabla hamjafunga mabegi, mnipe sikio mimi Fundi Hamisi wa Kasingirima, hapa Ujiji, niwaambie habari za baridi. Mimi mwenyewe sijaiona. Safari yangu ndefu kuliko zote ilinifikisha Tabora, nikamzika shangazi, nikarudi. Lakini nimewashonea makoti vijana waliokwenda Urusi, China, Bulgaria, Ujerumani ile ya mashariki, na kijana mmoja alikwenda Kanada, huyo nilimwekea kola mbili, moja ya akiba.

Shule sina. Nilikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani miaka miwili, na herufi hizi mnazosoma nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, nikiwa nimeshaoa. Kwa hiyo naandika polepole, na nikipotea njia msihangaike, nitarudi.

Aliyenifundisha cherehani ni marehemu Fundi Sumaili, Mmanyema, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo na cherehani yao ndani ya mtumbwi. Alinipa mambo matatu. La kwanza, mpime mtu akiwa anaongea, kwa sababu akinyamaza anavuta tumbo ndani, halafu nguo ikimbana anakuja kukulaumu. La pili, kila kitambaa unachokata, bakiza kipande na ukihifadhi, hata kama mwenye nguo amekufa. Tulikuwa na debe zima la vipande hivyo. Nguo ya mtu ikichanika baada ya miaka kumi, unatoa kiraka cha nguo ileile na yeye anakuona mchawi. La tatu lilihusu wake za watu, si la kuandika hapa.

Sasa, Uhuru ulipokuja nchi ilikuwa na madaktari wa kuhesabu kwa vidole, na mataifa rafiki wakaanza kuita vijana wetu wakasome kwao, bure, chakula na malazi juu yao. Wakawa wanashuka kutoka Kasulu, kutoka Kibondo, wengine kwa boti kutoka vijiji vya ziwani, wanakuja kupanda treni Kigoma. Mtoto anakwenda Moscow na shati moja na kandambili. Afisa elimu wa wakati ule, yeye alikuwa amesoma nje akarudi na kikohozi, akaja barazani kwetu.

"Fundi, hawa vijana washonee kitu cha baridi."

Sumaili akamuuliza, "Baridi gani? Ya Kasulu?"

"Kasulu ni jikoni, mzee. Huko maji yanakuwa jiwe."

Sumaili akatazama upande wa ziwa. "Ziwa zima?"

"Zima."

"Na watu wanavukaje?"

"Kwa miguu."

"Basi huko wavuvi hawana maisha," akasema, akachukua futi akaanza kumpima kijana wa kwanza.

Tukafikiri: nini kinachomlinda mtu na baridi? Godoro. Na godoro letu ni sufi, misufi ilikuwa tele Ujiji. Basi koti la kwanza tulishona kama godoro lenye mikono, kitambaa juu, bitana ndani, sufi katikati. Kijana akapendeza, akapanda treni akipunga mkono. Hatukujua kwamba sufi ina tabia ya kushuka. Akatuandikia kutoka huko, namshukuru kwa adabu zake, kwamba sufi yote ilishafika kwenye pindo, kwa hiyo kifuani hana kitu ila magoti yana joto sana. Tangu hapo tukajua kupiga mistari ya cherehani juu mpaka chini, ili kila kifungu cha sufi kikae chumbani kwake.

La pili lililotusaidia ni chumba cha barafu. Palikuwa na mfanyabiashara wa samaki kule Kibirizi aliyekuwa na chumba cha kugandisha. Sumaili akaniombea ruhusa, akanivalisha koti, akanifungia humo pamoja na migebuka nihesabu mpaka mia tano. Nilifika mia mbili na kumi. Nilipogonga mlango akina mama wa dagaa walikuwa wamejaa nje wanacheka. "Fundi kagandishwa, anapelekwa Dar!" Jina la Mgebuka lilinifuata miaka mingi. Lakini koti lile lilirekebishwa, na vijana waliofuata walipata la maana.

Sumaili alipofariki nikabaki na cherehani, debe la vipande, na kazi ya makoti. Nilikuwa kijana, najiona nimeiva. Hapo ndipo alipoingia Mama Bukuru.

Alitoka Mwamgongo, kijiji cha kaskazini huko, hakifikiki ila kwa boti. Mjane, mkaushaji wa dagaa, mfupi, sauti kama filimbi ya treni. Nyuma yake wasichana wawili sura moja. Sisi huku kwa Waha pacha wa kwanza kuzaliwa ni Bukuru na wa pili ni Ntoyi, huna haja ya kuuliza. Bukuru alikuwa amemaliza masomo ya juu ya sekondari na amepata nafasi ya kusomea udaktari Bulgaria. Ntoyi alama hazikumtosha kuingia sekondari, akarudi kumsaidia mama kuanika dagaa.

"Mwakeye, fundi," mama akasalimu kwa Kiha. "Nataka makoti mawili."

Nikamwambia barua ya afisa elimu inasema koti moja. Kitambaa chenyewe, kile kizito cha kijivu cha makoti ya askari, tumepimiwa cha mtu mmoja.

"Mimi sikusoma barua. Mimi nilizaa. Tangu siku ya kwanza, huyu akinyonya na huyu ananyonya. Huyu akinyolewa na huyu ananyolewa. Bukuru alipopata sketi ya sekondari, nilimshonea na Ntoyi sketi ileile, akawa anaanikia dagaa."

"Kweli kabisa, fundi," Ntoyi akasema. "Dagaa walinipigia saluti."

"Nyamaza. Fundi, pacha ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, unamwita mauti aje achague. Kama koti ni moja, Bukuru haendi. Nimemaliza."

 Bukuru alikuwa ameshika kibahasha cha barua yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kikombe kimejaa. Nilimtazama nikajua mama hatanii na mtoto anajua mama hatanii.

Nikasema nitashona mawili.

Wanangu, kukata makoti mawili kwenye kitambaa kilichopimwa cha moja, hata kikiwa na ziada kidogo, ni kazi inayomtoa mtu jasho la masikio. Niligeuza, nikapindua, mgongo wa moja ukakatwa vipande vitatu, na makoti yakatoka. Kipande nilichobakiza kwa ajili ya debe kilikuwa kama viganja vinne. Lakini sufi niliyokuwa nayo imechambuliwa ilitosha koti moja tu, na treni ilikuwa kesho kutwa. Kuchambua sufi si mchezo. Lazima utoe mbegu moja moja, na ukipiga chafya umeharibu kazi ya asubuhi nzima.

Hapo akili ya kijana aliyejiona ameiva ikafanya kazi. Nikajiuliza: huyu Ntoyi anabaki Mwamgongo, kwenye jua na mchanga. Koti la sufi la nini? Nitamuua kwa joto. Nikalijaza sufi koti moja. La pili nikaliwekea ndani vipande vya gunia la chumvi ya Uvinza, yapate unene sawa. Ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha. Nilijisifu, wallahi. Nikamwona Sumaili kaburini ananipigia makofi.

Mama alipokuja kuyachukua nikampa la sufi juu, la gunia chini. Nilijua mkubwa hupewa kwanza. Nikaona yamekwisha.

Siku ya treni nilikwenda stesheni. Sikuwa na lazima ya kwenda, lakini fundi hupenda kuona nguo yake ikitembea. Mchana, jua la mwezi wa kumi kabla ya mvua, mabati yanalia. Stesheni imejaa watu wa vijiji, nyimbo, kuku, vikapu. Na katikati yao mapacha wawili ndani ya makoti ya kijivu, vifungo mpaka shingoni. Mama alitaka wayavae pamoja mara moja, watu washuhudie.

Mpiga kengele wa stesheni, Mnyamwezi mwenye maneno, akasema, "Hawa mnawapeleka Ulaya au mnawaivisha kabisa?" Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Ntoyi alikuwa analowa. Jasho linamtiririka puani, kidevuni, macho yamelegea. Na Bukuru pembeni yake hakuwa analowa kiasi hicho. Bukuru alikuwa anajikuna. Mkono ndani ya kola, bega, ubavu, anajikuna kama mbuzi kwenye mti. Gunia la chumvi, wanangu. Chumvi ikipata jasho huamka.

Nikamsogelea mama, nikajifanya nauliza tu. "Mama Bukuru, juzi ulianza kumvisha nani?"

"Ntoyi. Anayebaki huchukua kwanza. Anayekwenda ameshapata safari."

Basi la juu, la sufi, alipewa Ntoyi. Mtoto anakwenda kwenye baridi ya maji kuwa jiwe amevaa gunia. Nikajisemea, nimemuua huyu. Nikisema, mama atajua nimewatenga wanawe, na kwa mdomo wake alishasema, Bukuru haendi. Miaka yote ya shule, taa za kibatari, nafasi ya udaktari ya mkoa mzima, itaishia hapa kwenye mchanga wa stesheni kwa sababu ya magunia yangu. Na kengele ya kwanza imeshapigwa.

Nitawaambia ukweli, nilitaka kunyamaza. Nilishageuka nusu. Kilichonirudisha si ushujaa. Bukuru alinikimbilia, akapiga goti kidogo, "Shikamoo fundi, asante kwa koti," huku mkono mwingine unakuna shingo. Asante ile ilinichoma kuliko tusi.

Nikasema, "Mama Bukuru, makoti hayako sawa. Moja nimejaza sufi, moja gunia. La sufi ni la anayekwenda. Nilidhani anayebaki hatalihitaji."

 Mama alinitazama. Akawatazama wanawe. Akamshika Bukuru mkono na kuanza kumvuta, siyo kuelekea treni, kuelekea nje.

"Mama," Bukuru akasema. Neno moja tu. Hakujaribu kujitoa mkononi.

Ntoyi ndiye aliyewazuia njia. Alishafungua vifungo. Akavua lile koti la sufi limelowa mgongo mzima, akamvua mwenziwe la gunia, akamvalisha la sufi, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama anayemvisha mtoto. Halafu akavaa la gunia yeye.

"Mama, la kwangu halijaisha, basi. Nitangoja liishe. Mtu akingoja nguo kwa fundi, hajanyimwa. Mwache aende."

Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya hasira, bora ingekuwa. "Na wewe fundi, nani alikuambia anayebaki hasikii baridi?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. 

Kengele ya pili ikapigwa.  Mama akauachia mkono wa Bukuru, akauchukua tena, akautemea mate kidogo ya baraka, akauachia. "Panda," akasema. "Panda kabla sijarudiwa na akili." Bukuru akapanda. Treni ilipoondoka Ntoyi alikimbia sambamba na dirisha mpaka mwisho wa jukwaa, na lile gunia, anajikuna huku anapunga.

Mama akaja mbele yangu. "Wewe hujamaliza kazi yangu," akasema. Akaondoka.

Ntoyi alikuja barazani kesho yake na koti mkononi na kikapu cha sufi yenye mbegu zake. Akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuchambua. Tulichambua siku nne.  Siku ya pili alipiga chafya, sufi ikaruka mpaka kwa muuza kahawa, tukacheka mpaka tukashikana mabega, na hapo nikaweza kumwomba radhi. Koti likajazwa, likapigwa mistari, likawa sawasawa na la mwenziwe mpaka hesabu ya mishono, yeye ndiye aliyehesabu. Siku ya tano akaja tena.

"Koti si limeisha?" nikauliza.

"Limeisha. Lakini nimeona unavyokata mikono. Unapoteza kitambaa kwapani."

Alikuwa na haki. Ndiyo nikapata mwanafunzi, na baada ya miaka miwili mwanafunzi huyohuyo akawa mwalimu wangu.

Kwa sababu barua zilianza kuja. Bukuru aliandika kila mwezi, Ntoyi akawa ananisomea huku napiga pedali. Na katika barua zile, katikati ya salamu za mama na habari za maiti wanazopasua, mlikuwa na elimu ya koti. Kwamba baridi haiingii kifuani, inaingia shingoni na kwenye vifundo vya mikono, kama mwizi anayejua mlango mbovu. Ntoyi akakata shingo za soksi kuukuu akazishonea ndani ya mikono. Kwamba mfuko wa nje hujaa theluji, weka wa ndani. Kwamba vidole vikifa ganzi haviwezi kifungo kidogo, weka kikubwa kama shilingi. Kwamba ndani ya nyumba zao kuna joto kama Kigoma, kwa hiyo bitana iwe ya kuvuliwa. Kila kijana aliyepita kwetu baada ya hapo alivaa barua za Bukuru bila kujua. Walirudi madaktari, wahandisi, mmoja akarudi mpiga kinanda, sijui alikoseaje njia. Wengine hawakurudi. Makoti tuliyashona vilevile.

Na wote, Ntoyi aliwauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuwauliza: "Nyumbani umemwacha nani?" Akishajibiwa, alichukua kipande kilichobaki cha kitambaa chao, akashona kitu kidogo, kofia, kimfuko, hata kishikio cha sufuria, akasema, mpelekee. Wapo akina mama huku ziwani mpaka leo wanaepulia sufuria kwa kitambaa cha koti lililopo Ulaya.

Mama Bukuru naye alikuwa akija na dagaa Kibirizi, akipita barazani, hasemi hodi wala habari. Anasimama tu. "Mgebuka, hujamaliza." Anaondoka. Nikaoa mke wa pili, nikapata watoto, hujamaliza. Nikawa nimezoea, kama adhana.

Bukuru alirudi baada ya miaka saba. Daktari. Hakwenda kwanza hospitali wala kwa wakubwa, alikuja barazani na mama yake, na koti begani. Ntoyi alitoka nyuma ya cherehani. Wanangu, watu wanaosema sura za mapacha huachana wakikaa mbali, hawakuwepo siku ile. Walishikana mikono wakatazamana kama mtu aliyesimama mbele ya kioo na hana hakika kioo ni kipi.

Mama akayataka makoti yote mawili. Ntoyi akaleta lake. Alilivaa kila asubuhi ya kiangazi, Juni na Julai, upepo wa ziwa unapouma, akalivaa akikata vitambaa kwenye meza kabla jua halijapanda. Mama akayatandaza chini kwenye mkeka, moja kando ya lingine, akapiga magoti, akaanza kukagua kama mtu anayetafuta chawa. Kola na kola. Pindo na pindo. Kisha akafika kwenye viwiko.

La Bukuru lilikuwa limetoboka viwiko vyote viwili. Meza ya kusomea, Bukuru akasema, miaka saba nimeegemea ubao.

La Ntoyi lilikuwa limetoboka viwiko vyote viwili. Meza ya kukatia.

 Mimi niliinuka, nikaenda kwenye debe la Fundi Sumaili, nikachimbua mpaka chini kabisa, nikatoa kile kipande cha kijivu, viganja vinne. Nikakikunja mara mbili, nikakata. Ntoyi alinyoosha mkono achukue sindano, nikamwambia hapana, hii nishone mimi. Niliketi mkekani nikashona viraka vinne kwa mkono, polepole, machoni mwa mama yao, na sikuruka hata mshono mmoja.

Mama Bukuru alipitisha kidole gumba juu ya kila kiraka. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Akakunja makoti, akayaweka kila moja kwa mwenyewe, akaanza na anayebaki.

"Haya, fundi," akasema. "Sasa umemaliza."